Siku ya masomo nyumbani kwa watoto wa madarasa ya chini

Nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, lakini niliposhika masomo ya wanangu wawili nyumbani, wa miaka 6 na wa miaka 8, nilikosea siku ya kwanza tu. Nilibandika ukutani ratiba ya vipindi saba, kila kimoja dakika 40, kama shuleni. Kabla ya kipindi cha tatu kwisha mdogo alikuwa amelaza kichwa mezani, na mkubwa ananiuliza kama leo kuna adhabu.

Darasani, dakika 40 si za kujifunza zote. Kuna kugawa madaftari, kungojeana, kunyamazishana, kurudia kwa aliyekuwa nyuma. Nyumbani hayo hayapo. Ukikaa na mtoto mmoja ana kwa ana, dakika 15 hadi 20 zinamtosha, kisha ainuke. Mimi kazi ya mezani naimaliza asubuhi, haizidi saa moja na nusu kwa jumla, na saa zilizobaki ni za mikono na miguu.

Anza na kusoma, kichwa kingali chepesi. Kata karatasi vipande vidogo, uandike silabi moja kila kipande: ka, ta, li, ma, tu, pa, sa, ba. Nane zinatosha kwa kuanzia. Mtoto aunganishe mbili, asome, kisha azigeuze: ya nyuma ije mbele. Lima inakuwa mali. Kata inakuwa taka. Tatu inakuwa tuta. Mwanangu mdogo alipoipata mali alinyamaza, akairudisha ikawa lima, akaigeuza tena taratibu kama anayeogopa itamponyoka. Halafu akaanza kugeuza kila neno lililokuwa mezani. Mengi hayakuleta maana yoyote, na hapo ndipo penye faida yenyewe: ili ajue kwamba “kapa” si neno analolijua, ilimbidi alisome kwanza. Mtoto anayebahatisha maneno kwa kutazama picha kitabuni hapa hana pa kubahatisha.

Mkubwa mimi humpa ngoma, ng'ombe, ngao na ng'oa. Asome kwa sauti na asikilize: kwenye ngao g inasikika, kwenye ng'oa sauti yote inapita puani. Akishaisikia tofauti hiyo, ile alama ya ng' haisahau anapoandika. Kisha imla ya sentensi tano fupi, basi.

Baada ya mapumziko, hesabu. Hapa nakuomba usiwe na haraka na kalamu nyekundu. Tafuta vijiti vinavyolingana kama 50, na mipira ya kufungia nywele au uzi. Funga mafungu ya kumikumi, vingine viache huru.

Siku moja mkubwa aliniletea daftari: 32 toa 17, jibu 25. Nilimuuliza, “Umefikaje hapa?” Akanieleza bila wasiwasi: saba toa mbili tano, tatu toa moja mbili. Hakuwa mzembe. Alikuwa ameambiwa kwamba kubwa haitoki kwenye ndogo, kwa hiyo akazipindua ili zitoke. Ningemwekea alama ya kosa na kumwambia “kopa kwa jirani”, angekopa bila kujua anachokopa.

Tuliweka daftari pembeni. Akapanga mafungu matatu na vijiti viwili. Nikamwambia, nipe 17. Akanipa fungu moja, akabaki ananitazama, maana nilidai saba na yeye mkononi ana viwili. Sikusema neno. Akaangalia mafungu mawili yaliyobaki, akachukua moja, akalifungua mwenyewe. Sasa ana 12 vilivyo huru. Akanihesabia saba, vikabaki vitano na fungu moja. “Kumi na tano,” akasema, akavuta daftari akafuta 25. Fanyeni hesabu tatu za namna hiyo kwa vijiti kabla ya kurudi kwenye makumi na mamoja ya kuandika. Na kila jibu, sahihi au la, liulizie lilivyopatikana. Ukiuliza makosa tu, mtoto atajifunza kwamba swali lako maana yake amekosa.

Kwa mdogo, vijiti hivyohivyo ni vya kuhesabu kupita kumi. Kiswahili kinamsaidia: kumi na tatu ni fungu moja na vijiti vitatu, jina lenyewe limesema. Kwa sababu hiyo mtoto akifika kumi na tisa anaweza kuendelea na “kumi na kumi”. Usimcheke, amefuata kanuni. Funga vile kumi vya pili, weka mafungu mawili mbele yake, umwambie hilo ndilo ishirini.

Kama kuna jua, katikati ya masomo haya tokeni nje. Simamisha kijiti ardhini, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, pimeni kwa rula na mwandike: saa tatu, saa sita, saa tisa. Kivuli kitafupika kuelekea mchana, kisha kirefuke tena upande mwingine. Waonye wasilitazame jua lenyewe.

Zoezi hilo lina faida ya pili, kwa kuwa linawalazimu kutazama saa ya ukutani, na saa huwachanganya watoto wetu kwa sababu ya haki kabisa: mshale mfupi uko kwenye 9 na sisi tunasema saa tatu. Nawafundisha hivi: fikiria mkia wa mshale mfupi umerefuka ukavuka hadi ukingo wa pili, namba unayoigusa ndiyo saa. Ng'ambo ya 9 ni 3. Ng'ambo ya 12 ni 6. Wachoree saa kubwa chini kwa chaki, mtoto asimame kwenye namba, wewe utaje iliyo mkabala. Mshale mrefu wa dakika wausome palepale ulipo, huo hauvukishwi.

Mchana, mara baada ya chakula, waache wacheze wanavyotaka. Sina kazi ya kupendekeza hapo.

Jioni mapema, beseni la maji na donge la udongo wa kufinyanga. Kabla ya kutia kitu majini kila mmoja aandike: itaelea au itazama. Donge linazama. Sasa waambie walifanye lielee bila kuongeza wala kupunguza. Usieleze, kaa kimya. Wangu walihangaika karibu nusu saa: wakaligawa vipande, vikazama vyote, wakalibandika bapa kama sahani, likazama pia. Mdogo ndiye aliyekunja kingo juu, na likakaa majini likitikisika. Udongo ni uleule, ila sasa umetanda na kusukuma maji mengi zaidi, na hayo maji ndiyo yanayoubeba. Maelezo hayo niliyatoa baada ya wao kuona, tukaendelea kuhesabu vijiwe mashua inavyovimudu kabla ya kuzama. Usiwaache peke yao na beseni hata kama maji ni machache, na ukimaliza yamwage hapohapo.

Usiku wasomee kwa sauti robo saa, hata huyo anayejua kusoma. Simamisha hadithi mahali patamu umuulize anadhani kitafuata nini, kisha msikilize mpaka amalize.

Cha mwisho ni daftari dogo: kila mtoto aandike sentensi moja ya alichokiona siku hiyo, na wewe usisahihishe kitu. Jana mwanangu mdogo aliandika “kivuri kimeama”. Nilimsifu kwa sababu ni kweli, kivuli kilihama. Alipolala nilikata vipande vinne vya karatasi kwa ajili ya asubuhi: li, ri, ha, a.