Ruzuku ya mtaani Uingereza: kazi ya chama kabla ya kufungua fomu

Vyama vingi vya Waafrika Mashariki nchini Uingereza vilianzia msibani. Mtu alifariki, mwili ukahitaji kusafirishwa nyumbani, watu wakachanga, na baada ya mazishi wakaambiana wasisubiri msiba mwingine ndipo watafutane. Kikaundwa chama cha kufa na kuzikana, likafunguliwa kundi la WhatsApp, akachaguliwa mwenyekiti. Baada ya miaka michache wanachama wale wale wanaona wazee wanaoshinda ndani peke yao, kina mama wanaokwama kwenye fomu za nyumba, vijana wasio na pa kwenda baada ya shule. Wanataka kuomba ruzuku. Hapo mambo hukwama, na aghalabu Kiingereza si sababu. Mfadhili hukiangalia chama kinachoomba kabla ya kulisoma wazo lake.

Tutafuata mfano mmoja hadi mwisho: Awards for All, ruzuku ndogo ya National Lottery Community Fund (mfuko unaogawa fedha za bahati nasibu ya taifa), upande wa England. Mwezi Novemba 2023 kiwango chake cha juu kilipandishwa hadi pauni 20,000; cha chini ni pauni 300, na mradi unaweza kudumu hadi miaka miwili. Hamlazimiki kuongeza fedha zenu wenyewe, wala hamlazimiki kuwa mmekwisha kusajiliwa kama charity, yaani shirika la hisani. Kwa chama ambacho hakijawahi kupata ruzuku, hapo ni pazuri pa kuanzia. Community foundation ya kaunti yenu, yaani mfuko wa eneo unaogawa ruzuku kwa vyama vya hapo, na halmashauri ya mji huuliza mambo yanayofanana, kwa hiyo kazi mtakayoifanya hapa haitapotea. Masharti hurekebishwa mara kwa mara, basi yasomeni upya siku mnayoanza kuandika.

Katiba, kamati na benki

Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani ya England na Wales, ina kielelezo cha katiba cha vyama vidogo, na ni bure. Kitumieni. Katiba iliyonakiliwa kutoka chama cha misiba huwa na vifungu viwili vinavyoua maombi. Cha kwanza ni madhumuni. Ikiwa imeandikwa "kusaidiana sisi wanachama wakati wa shida", mfadhili anasoma kwamba fedha za umma zitawafaidi watu walio kwenye daftari lenu tu. Andikeni kazi mnayotaka kuifanya: "kupunguza upweke na ugumu wa maisha kwa wakazi wa mji huu, hasa wenye asili ya Afrika Mashariki." Neno "hasa" lina uzito. Linaeleza mnamlenga nani bila kumfungia mlango jirani mwenye shida ile ile.

Kifungu cha pili ni cha kuvunjwa kwa chama. Katiba nyingi husema kinachobaki kitagawanywa kwa wanachama. Kwa mchango wa wanachama hilo lina mantiki, lakini kwa ruzuku halikubaliki. Kiseme kwamba mali iliyobaki itakabidhiwa shirika jingine lisilo la faida lenye madhumuni yanayofanana. Badilisheni vifungu hivyo kwenye mkutano halali, andikeni muhtasari wenye tarehe na idadi ya kura, na watu wa kamati watie sahihi.

Kwenye kamati, sharti ni kuwe na angalau watu wawili wasio na undugu wa damu wala wa ndoa, wasio wapenzi, na wasioishi nyumba moja. Kwetu ni kawaida mwenyekiti awe mume, mweka hazina awe mkewe na katibu awe shemeji, kwa sababu hao ndio wenye moyo wa kazi. Hakuna anayewashuku wizi, ila mfadhili anataka kuona kwamba mtu anayeidhinisha malipo anaweza kumkatalia anayeyaomba. Wawili ni kiwango cha chini tu. Watatu kutoka nyumba tatu ni salama zaidi, maana mmoja akihamia mji mwingine katikati ya mradi hamtarudi nyuma.

Fomu inataka majina mawili ya mawasiliano, mmoja akiwa mtu wa ngazi ya juu katika kamati. Wasiwe ndugu, na kila mmoja awe na barua pepe yake. Wataulizwa tarehe ya kuzaliwa na anwani ya nyumbani, jambo linalowatia watu hofu, lakini ni uhakiki wa utambulisho tu. Kinachowaangusha wengi ni majina. Mtu ni Mohamed Ali Said kwenye pasipoti, Mohammed A. Said benki, na Mzee Mudi kwenye muhtasari. Andikeni jina la hati rasmi, herufi kwa herufi, kila mahali. Jina la chama nalo ni hivyo hivyo: lililo kwenye katiba liwe ndilo lililo kwenye akaunti, bila kuongeza wala kupunguza neno.

Akaunti iwe ya chama. Akaunti binafsi ya mweka hazina haikubaliki hata awe mwaminifu kiasi gani. Kila malipo yaidhinishwe na watu wawili wasio ndugu. Taarifa ya benki mtakayoambatisha iwe ya ndani ya miezi mitatu iliyopita, ikionyesha jina la chama, anwani, namba ya akaunti na sort code. Anzeni mapema, kwa kuwa kufungua akaunti ya chama huchukua wiki kadhaa na pengine miezi. Benki huuliza maswali zaidi pale chama kinapotuma fedha nje ya nchi, na cha misiba hutuma. Msifiche hilo. Tenganisheni: mfuko wa misiba uwe na akaunti yake na kanuni zake, na akaunti ya huduma za mtaani isimame peke yake.

Kuna sababu nyingine ya kutenganisha, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Fedha za ruzuku zimefungwa kwenye kazi mliyoiandika. Msiba unaweza kutokea Ijumaa, tiketi ya mwili ikatakiwa kulipwa Jumatatu, na kwenye akaunti kukawa na pauni 8,000 za mradi wa wazee. Kamati itaambiwa "tukope tu, michango ikiingia turudishe." Hata zikirudi zote, mmekwisha kuvunja mkataba, na mfadhili ana haki ya kudai fedha zake. Wekeni kifungu kinachokataza jambo hilo waziwazi, ili siku ya majonzi mweka hazina awe na karatasi ya kuonyesha. Asiachwe abebe lawama peke yake.

Mradi wenyewe

Fomu inauliza mambo matatu: mnataka kufanya nini, mradi unagusa lengo gani la mfadhili, na jamii imeshirikije kuupanga. Malengo ya mkakati ulioanza 2023 ni manne: kuwaleta watu pamoja, kutunza mazingira, kuwasaidia watoto na vijana wastawi, na kuwawezesha watu waishi kwa afya bora. Chagueni moja au mawili. Chama kinachodai kugusa yote manne kwa pauni 9,000 hakiaminiki.

Kwenye swali la kwanza mazoea yetu ya hotuba hutuangusha. Tunaanza na historia ya chama, tunashukuru, tunaeleza dhiki za wahamiaji kwa jumla, na nafasi ya maneno inaisha kabla hatujasema tutafanya nini. Anzeni na tendo: "Kila Jumatano, saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana, kwa wiki 40, wazee 20 wanaozungumza Kiswahili watakutana katika ukumbi wa mtaa kwa chakula cha mchana, mazoezi mepesi na msaada wa kusoma barua za hospitali." Baada ya sentensi hiyo msomaji anajua nani, wapi, lini na mara ngapi. Dhiki zitafuata, zikiwa na mahali pa kukaa. Angalizo moja la saa: kwenye fomu ya Kiingereza hiyo ni 11am hadi 2pm, na kosa hili hupita mara nyingi mtu anapotafsiri kichwani.

Kwa ushahidi, sensa ya 2021 ya England na Wales iliuliza lugha kuu ya kila mtu wa miaka mitatu na zaidi, na Kiswahili kimehesabiwa hadi ngazi ya mji. Ila namba hiyo peke yake itawapunja. Mkongo aliyeandika Kifaransa, Mbajuni aliyejaza Kisomali na Mkenya aliyejaza Kiingereza hawamo. Ongezeeni utafiti wenu: karatasi ya maswali manne, watu 30, ipelekwe mlango kwa mlango na baada ya ibada. Ulizeni wanatoka nyumbani mara ngapi kwa wiki, nini kinawazuia, siku gani inawafaa, na wangependa nini kifanyike. Mkiandika "wazee 22 kati ya 30 walisema lugha ndiyo inayowazuia, na ndiyo maana kikao kitaendeshwa kwa Kiswahili", mmejibu swali la ushiriki kwa sentensi moja.

Kuna gharama ambazo hazilipwi, na ni bure kubishana nazo: safari za nje ya nchi, pombe, mikopo, siasa za vyama, kazi ambayo ni wajibu wa serikali kisheria, na chochote mlichokwisha kukinunua kabla ya kupewa fedha. Zahanati ya kijijini nayo haimo. Fedha hizi ni za wakazi wa Uingereza. Kanisa au msikiti unaweza kuomba, mradi shughuli iwe ya watu wote na isiwe ibada wala mafunzo ya dini. Chakula cha mchana kwa wazee katika ukumbi wa kanisa kinafaa. Kikianza na mahubiri ya nusu saa, hakifai.

Bajeti

Tuchukue kikao cha wazee tulichokitaja. Ukumbi: pauni 15 kwa saa, saa 3, wiki 40, sawa na 1,800. Mratibu wa kulipwa: pauni 16 kwa saa, saa 5 kwa wiki, wiki 40, sawa na 3,200. Saa ni 5 kwa sababu kuna maandalizi, simu na kufunga ukumbi. Anayeandika 3 anamlazimisha mratibu afanye kazi bure. Ongezeni malipo ya likizo, asilimia 12.07 ya mshahara, yaani 386. Chakula: pauni 2.50 kwa watu 20 mara 40, sawa na 2,000. Nauli za wajitoleaji watatu, pauni 4 kila mmoja kwa kikao: 480. Bima ya madhara kwa umma, 150. Uchapishaji, 120. Simu, utunzaji wa hesabu na uendeshaji wa chama: 700. Jumla ni pauni 8,836.

Bei ni za mfano. Za kwenu zitoke kwa mwenye ukumbi na duka lenu, kwa maandishi. Kinachofaa kuigwa ni namna ya kuzionyesha. Kila mstari una kuzidisha kwake, kwa hiyo msomaji anaweza kuhakiki. Gawanyeni jumla kwa mahudhurio 800, yaani watu 20 mara vikao 40, na mtapata kama pauni 11 kwa mtu kwa kikao. Hiyo ndiyo hesabu anayoifanya mpima maombi kichwani, basi ifanyeni kabla yake. Mstari wa 700 msiufute kwa aibu. Gharama za uendeshaji ni halali sehemu yake inapohusu mradi, na chama kinachojifanya hakina gharama huzilipa kutoka mifukoni mwa wanakamati hadi wachoke.

Mshahara wa mratibu huyu hauna bima ya taifa ya mwajiri (National Insurance), maana tangu Aprili 2025 mwajiri huanza kuilipa, kwa asilimia 15, mshahara unapopita pauni 5,000 kwa mwaka. Mkiongeza saa, hesabu hiyo inabadilika.

Nauli za wajitoleaji zirudishwe kwa risiti, kiasi kile kile kilichotumika. Pauni 20 za bahasha kwa kila mtu "ya chai" zinaweza kuhesabiwa kuwa ujira. Kwa mjitoleaji anayesubiri uamuzi wa ukimbizi, ambaye kwa kawaida haruhusiwi kuajiriwa ingawa anaruhusiwa kujitolea, bahasha hiyo inaweza kumletea matatizo makubwa.

Mradi ukihusisha watoto au watu wazima walio katika mazingira hatarishi, wekeni sera ya ulinzi wao yenye jina la msimamizi na hatua za kuripoti, halafu mhakikishe nafasi zipi zinahitaji uchunguzi wa DBS, yaani wa rekodi za uhalifu. Mjitoleaji halipii hati yenyewe, ila taasisi inayowashughulikia inaweza kutoza ada yake. Sera iliyopakuliwa ikiwa bado ina jina la chama kingine ni aibu ambayo hutokea kweli.

Baada ya kutuma

Tarehe ya kuanza iwekeni angalau miezi mitano mbele. Kabla ya kutuma, pelekeni rasimu kwa shirika la kusaidia vyama la mji wenu, ambalo mara nyingi huitwa CVS au Voluntary Action. Huwasomea vyama vidogo maombi yao bure, na wanajua community foundation ya hapo inapenda nini mwaka huo.

Ruzuku ikiingia, nayo ni mapato. Chama chenye madhumuni ya hisani pekee kikivuka pauni 5,000 kwa mwaka kinapaswa kujisajili Charity Commission, na pauni 8,836 zitawavusha kwa mkupuo mmoja. Huo ndio wakati wa kufikiria kuwa CIO (Charitable Incorporated Organisation), muundo uliopo England na Wales tangu 2013, unaokifanya chama kiwe mtu mbele ya sheria. Bila huo, anayetia sahihi mkataba wa ukumbi anaweza kudaiwa yeye mwenyewe.

Tangu kikao cha kwanza wekeni daftari la mahudhurio na bahasha ya risiti kwa kila mwezi. Charity inatakiwa kutunza kumbukumbu za hesabu kwa miaka 6. Mambo yakibadilika, ukumbi ukifungwa au wazee wakaomba siku nyingine, mwandikieni mfadhili kabla ya kubadilisha. Maombi ya aina hiyo hukubaliwa kwa urahisi zaidi kuliko maelezo ya baadaye.

Na mkikataliwa, ombeni sababu, hata kwa simu. Ikiwa ni upungufu wa katiba au benki, rekebisheni na mwombe tena. Ikiwa ni kwamba maombi yalikuwa mengi kuliko fedha, chukueni mradi ule ule, bajeti ile ile, mpunguze vikao hadi 12, na muombe pauni 2,000 au 3,000 kwenye community foundation. Vikao 12 vilivyofanyika, vyenye daftari la majina na risiti, ndivyo vitakavyojibu swali la ushahidi kwenye ombi lenu lijalo.