Kununua progu adimu ukiwa Nairobi: ulizia kanda kwanza

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alifika kwangu South B na CD aliyoagiza kutoka ng'ambo, bado imefungwa nailoni yake. Albamu ya bendi ya Italia, ya mwaka 1973, jalada zuri ajabu. "Mjomba, leo nimekuletea kitu," akasema. Tukaiweka. Mahali ambapo ogani inanyamaza na piano inabaki peke yake, nikasikia: tak, tak, tak. Huo ni mlio wa sindano ikipita juu ya mkwaruzo, na CD haina sindano. Mtu alichukua santuri kuukuu, akairekodi, akaifyatua kwenye CD na kuiuza kana kwamba ameipata kanda ya studio. Kijana alinyong'onyea. Nami niliumia, kwa sababu yaliwahi kunipata hayo hayo, tena mara tatu kwa albamu moja.

Tulikaa hadi usiku nikimwonyesha ninavyonunua. Haya hapa, kwa mpangilio ule ule.

Nikisema progu nina maana ya roki ya progresivu, hasa ya kati ya 1969 na 1976: nyimbo zinazojaza upande mzima wa santuri, ogani, filimbi, midundo inayobadilika katikati ya sentensi. Nikisema adimu nina maana ya bendi zilizotoa albamu moja au mbili, zikauza nakala chache, zikavunjika. Nakala za kwanza za baadhi yake leo zina bei ya pikipiki. Kwa hiyo sisi wengine tunanunua chapa za marudio, na hapo ndipo kazi ilipo.

Hatua ya 1: Chagua albamu unayoipenda

Sikiliza kwanza kwenye simu. Usinunue kitu kwa sababu kinaitwa adimu. Nyingine ni adimu kwa sababu hazikuwa nzuri.

Mgeni wangu yeyote ninamwanzishia Spring, albamu pekee ambayo bendi hiyo ya Uingereza iliitoa wakati wake, mwaka 1971, kupitia lebo ya Neon iliyokuwa chini ya kampuni ya RCA. Ilirekodiwa studio ya Rockfield kule Wales, na wanamuziki watatu ndani yake wanapiga Mellotron, kinanda kinachocheza sauti zilizorekodiwa kwenye utepe. Mpiga ngoma ni Pick Withers, yule aliyekuja kujulikana baadaye na bendi ya Dire Straits. Baada ya hapo ninampa Fruupp wa Belfast, walioachia albamu nne kati ya 1973 na 1975 kwa lebo ya Dawn. Wa tatu ni Museo Rosenbach na "Zarathustra" ya 1973, ambayo upande wake wa kwanza wote ni utungo mmoja. Ukisikiliza hizo tatu na moyo usitikisike, okoa pesa zako.

Hatua ya 2: Fungua Discogs, tafuta chapa yenyewe

Discogs ni tovuti inayoorodhesha matoleo ya albamu na kuyauza. Usiishie kwenye ukurasa mkuu wa albamu. Ingia kwenye orodha ya matoleo, fungua toleo lile lile analouza muuzaji, na usome maelezo ya chini pamoja na namba zilizochongwa karibu na tundu la kati. Kama tangazo lina picha ya jalada tu, mwombe muuzaji picha ya namba hizo. Asipotuma, achana naye.

Onyo moja tu hapa. Alama ya P ndani ya duara na mwaka 1971 pembeni yake haisemi kwamba sahani hiyo ilichapwa 1971. Inataja mwaka ambao rekodi yenyewe ilitolewa mara ya kwanza, na chapa ya marudio ya juzi huibeba vile vile. Ukiona mistari ya msimbopau kwenye jalada la albamu ya 1971, jua unaangalia chapa ya baadaye, hata kama muuzaji ameandika nini.

Hatua ya 3: Jua sauti ilitoka wapi

Hii ndiyo hatua iliyonila miezi, kwa hiyo nivumilie.

Albamu ya zamani ilirekodiwa kwenye utepe, na mwishoni mwa kazi ikabaki kanda mama. Kanda hiyo ilinakiliwa ili nchi nyingine zichape santuri zao, kwa hiyo kuna kanda za kizazi cha pili, hata cha tatu. Chini kabisa kuna santuri yenyewe. Anayetoa chapa ya marudio amechota kwenye kimojawapo cha visima hivyo. Kadiri alivyochota mbali na kanda mama, ndivyo ngoma zinavyofifia na ogani inavyojaa matope. Karatasi nzito, jalada linalofunguka mara tatu, santuri ya gramu 180 au ya rangi ya zambarau havibadilishi lolote hapo.

Anza na maandishi. Neno "imesafishwa upya" halina uzito peke yake. Linasema tu kwamba mtu aligusa sauti. Ninachotafuta ni sentensi inayotaja kanda mama waziwazi, jina la mhandisi aliyefanya kazi hiyo, na mstari wa leseni unaosema haki ni za nani. Kijitabu chenye mahojiano na wanabendi na picha kutoka kabati zao ni dalili njema, maana mtu asiye na ruhusa hapigiwi hodi na mpiga besi wa 1972. Ninaziamini Esoteric Recordings ya Uingereza, iliyoanza 2007 chini ya Cherry Red, Musea ya Ufaransa na Guerssen ya Uhispania. Hata hivyo, soma kila toleo kivyake. Jina la lebo lisikutoshe.

Kisha masikio, kwa spika za kichwani, si spika ya simu. Kipimo changu kikubwa ni wimbo uliokuwa wa mwisho upande wa kwanza wa santuri. Santuri huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika muda wote, lakini duara la nje ni refu na la ndani ni fupi. Ukingoni mfereji hupita chini ya sindano kama sentimita 50 kwa sekunde; karibu na lebo, ile karatasi ya katikati, ni kama 21 tu. Sauti ile ile imebanwa katika nafasi chini ya nusu, kwa hiyo sindano huanza kukwama: herufi "s" za mwimbaji zinachubua, matoazi yanakuwa kama karatasi inayokunjwa. Sasa weka CD yako. Kama wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza unachubua hivyo, halafu wimbo unaofuata unaanza safi kabisa, umeshapata jibu. Kanda haijui upande wa kwanza wala wa pili.

Tatu, macho. Mimi natumia Audacity na sitaki kubadilisha: ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu. Ingiza wimbo, badilisha mwonekano uwe spektogramu (picha ya sauti, nene chini, nyembamba juu), tazama sehemu yenye matoazi mengi. CD ina uwezo wa kufika karibu kilohezi (kHz) 22. Kama kila kitu kinakatika kwenye kHz 16 kwa mstari ulionyooka kama ukingo wa meza, kuna uwezekano mkubwa kwamba CD hiyo ilifyatuliwa kutoka faili la MP3. Ndiyo, watu huuza hata hizo.

Hapa ndipo nilipopotea, kwa sababu kila kipimo kina mtego wake.

Kufifia si kukatika. Kanda za zamani huisha taratibu kuelekea juu, kama moshi. Usiitupe albamu kwa sababu juu ya picha ni kweusi. Tafuta ule ukingo ulionyooka.

Mvumo wa utepe si kasoro. Mimi nikisikia "shhh" nyepesi kabla ya wimbo kuanza hufurahi. Ninachoogopa ni ukimya mtupu kati ya nyimbo za 1971, kwa sababu mara nyingi maana yake mtu amepitisha programu ya kufuta kelele, na programu hiyo hufuta pia pumzi ya filimbi na mwangwi wa chumba. Mellotron nayo ina mvumo wake: kila kitufe kinavuta utepe wake mwenyewe wa sekunde 8 hivi, kwa hiyo kelele ikija na kuondoka pamoja na sauti zake, ni ya chombo. Nilipoteza jioni nzima nikiilaumu CD nzuri kwa jambo hilo.

Tena, kunakili santuri si dhambi wakati wote. Kuna bendi zilizojichapia wenyewe, na kanda zao zimepotea au zimeoza. Hapo santuri safi, mkono wa fundi na maelezo ya kweli kwenye kijitabu ndiyo njia pekee, na mimi hununua bila kusita. Ninachokataa ni kufichwa.

Usitegemee sana namba ndogo za IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi, zinazozunguka tundu la CD. Mpango huo ulianza 1994, kwa hiyo CD halali ya 1991 haitakuwa nazo, na mwizi anaweza kupeleka kazi kwenye kiwanda chenye namba. Zitumie kama ushahidi wa nyongeza.

Mwisho, mara nyingine kuna kanda mbili za kweli. Amanaz wa Zambia walirekodi "Africa" mwaka 1975, na ipo katika michanganyiko miwili, yaani namna mbili za kuunganisha sauti zilizorekodiwa: mmoja mkavu, mwingine uliojaa mwangwi. Lebo ya Now-Again ya Marekani ikatoa yote miwili. Zamrock, roki ya Zambia ya miaka ya 1970, si progu kamili, lakini mkusanyaji wa Nairobi asiyeifuatilia anajinyima, hasa ukizingatia kwamba baadhi ya bendi hizo zilikuja hapa kwetu kurekodi. Mimi ni wa mchanganyiko mkavu. Gitaa linasikika kama liko chumbani.

Hatua ya 4: CD au santuri

Kwa progu, CD. Najua wengi watanikatalia. Lakini albamu hizi hujaza upande kwa dakika 20 na zaidi, na kadiri upande unavyorefuka ndivyo mifereji inavyobanwa na sauti kushuka. Mwisho wa utungo, ambapo bendi yote inalipuka, huangukia pale pale karibu na lebo panapochubua. CD inabeba yote bila kugeuzwa, haipindi kwenye joto la gari, na ni nyepesi kwa posta. Santuri mimi hununulia jalada ninapolipenda kupita kiasi: lile la Spring, linalofunguka mara tatu, lingepotea kwenye CD.

Ukitaka kuzoea kushika na kukagua santuri, nenda kibanda cha santuri pale Kenyatta Market Jumamosi moja. Progu adimu usiitarajie; benga, rumba na soul zimejaa tele, na utajifunza kuinamisha sahani kwenye mwanga usome mikwaruzo. Siku hiyo moja inafaa kuliko kusoma vifupisho vya ubora mtandaoni.

Hatua ya 5: Kulipa na kuleta

Kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inatosha, huhitaji benki. Weka kiasi cha ununuzi huo tu.

Kwenye ushuru, watu hukosea hesabu kwa kuangalia bei ya albamu peke yake. VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya bei pamoja na nauli pamoja na ushuru wa forodha, kwa hiyo nauli ghali hukuumiza mara mbili. Muulize muuzaji mmoja akuwekee CD nne au tano kwenye kifurushi kimoja badala ya kununua moja moja kwa watu watano. Thamani iandikwe ya kweli. Niliwahi kukubali muuzaji aandike "zawadi", kifurushi kikazuiwa, na nikatumia asubuhi mbili kueleza.

Kwa santuri, omba sahani isafirishwe nje ya jalada lake, ndani ya mfuko wa karatasi, jalada likiwa nyuma yake. Isipofanywa hivyo, sahani hupasua mshono wa jalada njiani.

Hatua ya 6: Ikifika

Icheze yote siku hiyo hiyo, mwanzo hadi mwisho, na kalamu mkononi. Andika dakika na sekunde za kila kasoro, kwa sababu muuzaji hawezi kubishana na "2:41, 2:43, 2:44". Santuri zisimame wima, mbali na ukuta wa nje. Juni na Julai ukuta huo hutoa unyevu na majalada huota ukungu.

Mpwa wangu aliandika dakika na sekunde zake zote kwenye karatasi, tukapiga picha ule ukingo wa kHz 16, maana na wenyewe ulikuwepo, tukamtumia muuzaji. Muuzaji amejibu akiomba picha ya namba za kwenye tundu la kati. Tumezituma jana usiku.