Unampeleka mzee kupimwa jicho kabla ya operesheni ya mtoto wa jicho? Soma hii kwanza

Watu wengi wakisikia operesheni ya mtoto wa jicho wanaogopa kisu tu, ile siku ya kipimo wanaiona kama ya kuchukulia tarehe. Mimi kazi yangu ni kupima hayo macho na naomba sana mnisikilize hapa, kwasababu daktari akishatoa lenzi iliyopata ukungu anaweka ya bandia, na hiyo ya bandia ina namba yake kama miwani, na namba inatoka kwenye kipimo. Kipimo kikiwa kibovu operesheni inaweza kwenda vizuri kabisa, jicho halina kidonda wala maumivu, halafu mzee bado haoni mpaka avae miwani mizito. Harold Ridley, yule daktari wa London aliyeweka lenzi ya bandia ya kwanza mwaka 1949, mgonjwa wake alikutwa na hilo hilo, lenzi ilikuwa na nguvu kupita kiasi, akabaki ni wa kuona vya karibu tu. Enzi hizo mashine za kupima urefu wa jicho kama za sasa hazikuwepo, sasa hivi zipo.

Vinavyopimwa hasa ni viwili. Urefu wa jicho toka mbele hadi nyuma, mtu mzima wengi ni milimita 23 na nusu hivi, na mviringo wa konea, kile kioo cha mbele. Ukikosea urefu kwa milimita 1 tu namba inakosewa karibu 2.5 mpaka 3, ndo maana mkiona tunarudia rudia msikasirike.

Maandalizi yanaanza nyumbani. Kama anavaa lenzi za machoni azivue mapema, zile laini wiki 1 mpaka 2, zile ngumu wiki 3 au 4 na wengine zaidi, kwasababu zinabadilisha umbo la konea na linachukua muda kurudi. Macho yakiwa makavu, yanachoma, au mekundu yatibiwe kwanza, maana konea kavu kila ukipima inatoa jibu lingine. Sukari kama inapanda na kushuka sana sema. Kula ale tu, hamna kufunga. Ila asije peke yake, mara nyingi siku hiyo hiyo anawekewa matone ya kupanua mboni na anatoka haoni vizuri kwa masaa kadhaa.

Halafu beba miwani yake ya zamani, hata kama imevunjika mkono, na karatasi zote za kliniki. Na mambo haya myaseme hata msipoulizwa: kama aliwahi kupigwa leza ya kuacha miwani, kama aliwahi kufanyiwa operesheni ya retina, ile ngozi ya ndani nyuma ya jicho, na akawekewa mafuta ndani ya jicho, kama ana kile kinyama kinachoota kwenye weupe na kuingia kwenye konea, kama jicho moja lilikuwa dhaifu tangu utotoni. Yote haya yanabadilisha hesabu au matarajio. Na wazee wa kiume wanaomeza dawa ya tezi dume, hasa tamsulosini, waseme pia, hiyo haihusu namba ila inalegeza mboni wakati wa operesheni na daktari anatakiwa ajue mapema.

Siku yenyewe sasa. Konea inatakiwa ipimwe kabla jicho halijaguswa na kitu chochote, kabla ya matone ya ganzi, kabla ya kupimwa presha ya jicho, kwahiyo kama ameshawekewa matone mlango wa kwanza mwambie mpimaji. Ile mashine ya mwanga haigusi jicho wala haiumi, anaweka kidevu, paji la uso linagusa ukanda, anaangalia taa ndogo, anapepesa, anafumbua, basi. Kinachosumbua ni vitu ambavyo hata haviwaziwi. Ushungi au kilemba kikishuka kwenye paji la uso kichwa kinakaa nyuma kidogo, kwahiyo kipandisheni kabla hajakaa. Mpimaji akimwambia bibi "shikamoo, usitikisike" bibi anaitikia marahaba, kidevu kinashuka na taa imeshapotea, tunaanza upya. Mwambieni nje kabisa kwamba akishaweka kidevu asijibu mtu mpaka aambiwe. Na meza ishushwe au ipandishwe imfikie yeye, mzee mwenye mgongo asijinyooshe kuifuata.

Mtoto wa jicho akiwa amekomaa sana mwanga haupiti, hapo inatumika altrasaundi. Anawekewa ganzi, halafu kuna kama kalamu inagusa konea taratibu sana. Hii ndo inataka utulivu kuliko zote, maana ikikandamiza hata kidogo jicho linakuwa fupi kwenye mashine, lenzi inayochaguliwa inakuwa kali kuliko inavyotakiwa na mtu anatoka na minasi, yaani anaona vya karibu tu. Asibane macho, asizuie pumzi, aangalie mbele. Sehemu nyingine wanaweka kikombe kidogo chenye maji ya dawa juu ya jicho ili kalamu isiguse konea kabisa, ikiwepo hiyo ni nzuri zaidi.

Macho yote mawili yapimwe hata kama linalofanyiwa ni moja. Urefu ukitofautiana zaidi ya milimita 0.3 inabidi kurudia, na jicho chini ya 22 au juu ya 25 tunalihakikisha tena. Unaruhusiwa kuuliza kwa heshima, "dokta, macho yote yamepimwa, yamelingana?" Mpimaji mzuri hachukii.

Kisha kuna swali ambalo familia zinalipita haraka: mzee anataka aone nini bila miwani? Lenzi za kawaida zinaona safi umbali mmoja, wengi wanawekewa ya mbali na kusoma wanavaa miwani. Kwa dereva sawa. Lakini mama mshonaji, au mzee ambaye maisha yake yote ana minasi na amezoea kusoma Kurani au Biblia kwa kuvua miwani, huyu ukimwekea ya mbali bila kumwambia atasikitika kweli, amepata mbali amepoteza kile alichokipenda. Mwacheni aseme mwenyewe, msimjibie, kwasababu namba inapangwa kwa jibu lake.

Mkimaliza ombeni nakala ya karatasi ya vipimo au pigeni picha kwa simu. Jicho la kwanza likipona na kupimwa miwani, daktari anaangalia kama namba ilitoka ilivyopangwa au ilihama, na anaweza kurekebisha hesabu ya jicho la pili, hata kama mmehamia hospitali nyingine.