Namna ya kusoma utabiri wa vuli Tanga bila kubebwa na vichwa vya habari

Kila mwaka Agosti inapoelekea ukingoni, picha za mafuriko huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kuanzia Tanga mjini hadi Muheza na Handeni, na chini yake maneno ya aina moja: "El Niño hiyo inakuja." Mwaka mwingine ni "ukame mkubwa unakuja." Anayeyashika maneno hayo kama yalivyo hununua mbegu isiyomfaa, hupanda mapema mno, au huacha kulima bondeni mwaka ambao bonde lingemlipa. Mara nyingi mtabiri hakukosea. Alisema jambo linaweza kutokea, na lilipofika kwenye simu likawa lazima litokee. Hatua zilizo hapa chini ni za kuurudisha utabiri kwenye maana yake na kuutumia shambani.

Andaa taarifa kamili ya msimu ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), daftari, dumu la lita 5, faneli yenye kipenyo cha sentimita 16, jagi la lita moja lenye alama, na bomba la sindano la mililita 20, sindano yenyewe ukiwa umeitoa.

Hatua ya 1: Shika taarifa yenyewe

Usianze na gazeti, redio wala ujumbe uliosambazwa. Taarifa ya vuli ya TMA hutoka kwa kawaida kati ya mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, na inahusu Oktoba, Novemba na Desemba. Tafuta ndani yake kanda ya "pwani ya kaskazini", ndiko Tanga iliko, pamoja na Pwani, Dar es Salaam, kaskazini mwa Morogoro, Unguja na Pemba. Andika kwenye daftari mambo manne: tarehe ya kutolewa, miezi inayohusika, kiwango cha mvua kinachotarajiwa, na wiki ambayo mvua zinatarajiwa kuanza.

Ona ukubwa wa kanda hiyo. Sentensi moja inabeba Amani, iliyo ndani ya msitu wa Usambara Mashariki wenye mvua nyingi, na Handeni, ambako mahindi hukauka kwa wiki mbili za jua. Sentensi hiyo haijui kitongoji chako. Hiyo ndiyo sababu hatua ya 7 ni ya lazima.

Hatua ya 2: Lipe neno "wastani" milimita zake

Katika taarifa za TMA, mvua za wastani ni kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali husika. Chini ya 75 ni chini ya wastani, juu ya 125 ni juu ya wastani. Sasa piga hesabu. Tuseme wastani wa vuli wa kituo kilicho karibu nawe ni milimita 320. Asilimia 75 yake ni 240, asilimia 125 ni 400. Kwa hiyo msimu wa milimita 245 na msimu wa milimita 395 yote itaitwa "wastani", ilhali kwa mahindi hiyo ni misimu miwili tofauti kabisa.

Takwimu za kituo ulizie TMA au kwa afisa ugani wako. Mashamba makubwa ya mkonge nayo mengi yana desturi ya kupima mvua.

Jingine: kiwango cha msimu ni jumla ya miezi mitatu. Milimita 320 zikinyesha katika siku 40 zitakupa mazao. Zikinyesha katika siku 10, zitakupa makorongo na kisha jua. Maneno kama "mtawanyiko usioridhisha" ndani ya taarifa yana uzito kuliko neno "wastani" lililo juu yake, na ndiyo maneno ambayo vichwa vya habari huyaacha.

Hatua ya 3: Geuza asilimia kuwa misimu

Kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha ICPAC kilichopo Kenya, kinachohudumia nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, hutoa ramani ya msimu yenye asilimia tatu. Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hiyo tulia.

Chukua misimu 30 iliyopita ya vuli mahali pamoja, uipange kuanzia wenye mvua kidogo hadi wenye mvua nyingi, kisha igawe mafungu matatu ya misimu 10 kila moja. Fungu la chini ni "chini ya kawaida", la kati ni "kawaida", la juu ni "juu ya kawaida". Mtu asiyejua lolote kuhusu mwaka unaokuja angeyapa mafungu hayo nafasi sawa: 33, 33, 33. Utabiri ukisema 45, 35, 20 kuanzia juu kwenda chini, umeegemea upande wa mvua nyingi, lakini haujaapa.

Sasa igeuze. Chukua misimu 20 yenye dalili kama hizi: 9 itakuwa na mvua nyingi, 7 ya kawaida, 4 yenye upungufu. Ukiusoma hivyo utaona kwamba mara 11 kati ya 20, yaani zaidi ya nusu, kile kilichopakwa rangi ya kijani kwenye ramani, yaani mvua nyingi, hakitatokea. Rangi inaonyesha fungu lenye nafasi kubwa kuliko mengine, basi.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kusoma "asilimia 45" kama "mvua itaongezeka kwa asilimia 45". Asilimia hiyo ni ya uwezekano, haina habari na kiasi cha maji. La pili ni kuchanganya vipimo: mafungu haya ya misimu 30 na ile 75 hadi 125 ya TMA ni mizani mbili tofauti. Msimu mmoja unaweza kuwa "juu ya kawaida" kwenye ramani moja na "wastani" kwenye taarifa nyingine, na hakuna aliyekosea.

Hatua ya 4: Tazama bahari inasemaje

Hali ya hewa ya siku moja moja haiwezi kutabiriwa kwa uhakika kupita wiki mbili hivi. Utabiri wa msimu unawezekana kwa sababu bahari hubadilika joto polepole, na joto hilo husukuma mvua upande mmoja au mwingine. Kwa vuli yetu zipo bahari mbili za kutazama.

Ya kwanza ni Pasifiki, kwenye El Niño. Maji ya katikati ya Pasifiki, kwenye ukanda wa ikweta, yakizidi joto la kawaida kwa nyuzi 0.5 au zaidi kwa miezi kadhaa, tunaiita El Niño. Yakipoa kwa kiasi hicho, ni La Niña. Ya pili iko mlangoni kwetu: tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi, ambayo wataalamu huiita daipoli. Upande wetu ukiwa na joto zaidi na upande wa Indonesia ukipoa, daipoli ni chanya na vuli huelekea kuwa na mvua nyingi. Ikigeuka, vuli hukauka.

Watu wanaijua ya kwanza na kuisahau ya pili, na kumbukumbu zinaonyesha gharama ya usahaulifu huo. Mwaka 1997 El Niño kali na daipoli chanya kali zilikuja pamoja, na mvua zile bado zinatajwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu kama ile, vichwa vya habari vikatangaza 1997 nyingine, lakini Bahari ya Hindi haikusukuma kwa nguvu ile na Afrika Mashariki haikupata vuli ya kiwango hicho. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya kutangazwa, ila daipoli chanya ilikuwa kali mno, na Oktoba hiyo mafuriko yakaipiga Handeni na Korogwe. Kwa hiyo unapoambiwa El Niño inakuja, swali lako la kwanza liwe: Bahari ya Hindi je?

Angalia pia tarehe. Utabiri wa El Niño unaotolewa kati ya Februari na Aprili ni dhaifu, maana katika miezi hiyo Pasifiki hubadili mwelekeo kwa urahisi. Anayekutangazia vuli mwezi Machi anakutangazia kitu kisichojulikana. Na usipeleke mazoea ya vuli kwenye masika: uhusiano wa masika na bahari hizi ni mdogo zaidi, hivyo utabiri wake uupe imani ndogo zaidi.

Hatua ya 5: Kipime kichwa cha habari kabla ya kukisambaza

Ujumbe ukikufikia, utafutie tarehe, taasisi, kanda na asilimia. Ukikosa viwili kati ya hivyo, usiusambaze. Picha nayo ichunguzwe: picha za mafuriko za miaka ya nyuma hurudi kila Septemba. Neno "wataalamu" lisilo na jina la taasisi halina mtaalamu ndani yake. Programu ya simu inayokuambia tarehe 14 Novemba kutanyesha, na leo ni Septemba, inakuonyesha wastani wa zamani au makisio yasiyo na msingi. Tumia siku zake 5 hadi 7 za mwanzo tu.

Tatizo hili si la Tanga peke yake. Mwaka 2009 idara ya hali ya hewa ya Uingereza, Met Office, ilitoa utabiri wa kiangazi kizuri kwa uwezekano wa asilimia 65, ikautangaza kwa maneno ya kuvutia kuhusu kuchoma nyama nje. Magazeti yakabeba nyama, asilimia ikaachwa. Mvua ikanyesha. Kisha utabiri wa baridi ukaegemea upande wa baridi hafifu, na yakaja majira ya baridi kali kuliko yote kwa takriban miaka 30 nchini humo. Machi 2010 idara hiyo ikaacha kuutangazia umma utabiri wa msimu. Asilimia 65 ina asilimia 35 nyuma yake, na anayeandika tangazo anawajibika kuzitaja zote mbili.

Ukitakiwa kutangaza kijijini au kwenye kikundi, tumia sentensi ya namna hii: "Ndugu zangu, utabiri wa vuli kwa kanda yetu uliotolewa tarehe fulani unaegemea mvua nyingi. Katika misimu 20 ya namna hii, 9 huwa na mvua nyingi, 7 ya kawaida na 4 yenye upungufu. Tujiandae kwa yote matatu, na tufuatilie taarifa za kila siku 10."

Hatua ya 6: Pima gharama zako

Chukua jambo moja, mfano kupanda mahindi ya muda mfupi kama Situka badala ya mbegu ya muda mrefu. Andika gharama yake kwa ekari: tofauti ya bei pamoja na mavuno utakayopungukiwa mvua ikiwa nzuri. Tuseme shilingi 40,000. Andika hasara itakayokuepusha msimu ukiwa mbaya: tuseme 250,000. Gawa ya kwanza kwa ya pili: 40,000 kwa 250,000 ni asilimia 16. Uwezekano wa msimu mbaya ukizidi 16, panda mbegu ya muda mfupi.

Rudi kwenye utabiri wetu wa 45, 35, 20. Uwezekano wa upungufu ni 20, umezidi 16. Yaani mwaka ambao vichwa vyote vinapiga kelele za mvua kubwa, hesabu bado inakuambia upande mbegu ya muda mfupi angalau sehemu ya shamba. Weka namba zako mwenyewe. Matokeo yatatofautiana kati ya mwenye machungwa Muheza, mwenye mboga Lushoto na mwenye shamba la chumvi pwani, ambaye hasara yake inakuja na mvua.

Hatua ya 7: Pima mvua yako, upande kwa kipimo

Toboa kifuniko cha dumu, pitisha faneli, ziba pembeni kwa nta au gundi. Liweke mahali pa wazi, mbali na mti au paa kwa umbali wa angalau mara mbili ya urefu wake, mdomo wa faneli ukiwa umelala sawa na uko sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi ili matone yanayoruka yasiingie. Faneli ya kipenyo cha sentimita 16 ina eneo la sentimita za mraba 201, kwa hiyo bomba moja la mililita 20 ni milimita 1 ya mvua, na jagi la lita moja ni milimita 50. Soma kila siku saa 3 asubuhi, andika kwenye tarehe ya jana, mwaga.

Kanuni inayotumika sana ya kuanza kwa msimu ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku 3, bila kufuatiwa na kiangazi cha zaidi ya siku 7 katika wiki tatu zinazofuata. Nusu ya kwanza utaipima mwenyewe. Nusu ya pili itazame kwenye taarifa za siku 10 za TMA kabla hujafukia mbegu. Mvua za mchoo za Julai na Agosti, na manyunyu ya mwisho wa Septemba, huwadanganya wengi: udongo unalowa juu, mbegu inaota, kisha inakauka. Chimba sentimita 15. Udongo wa chini ukiwa mkavu, subiri. Ukiamua kupanda kwenye vumbi, usizidishe robo ya shamba.

Kwa hatari za siku chache fuata rangi za TMA: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Hizo zina uhakika kuliko utabiri wowote wa msimu, na ukiwa bondeni karibu na Pangani au Zigi, chungwa ikitoka hamisha pembejeo na mifugo siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Weka hesabu ya utabiri

Mwisho wa Desemba jumlisha milimita, linganisha na ulichoandika hatua ya 1. Msimu mmoja hauwezi kuthibitisha wala kukanusha asilimia 45. Baada ya misimu kumi tazama ile yote iliyopewa nafasi kubwa ya mvua nyingi: ni mingapi ilizipata? Ukurasa wa kwanza uanze Oktoba 1, hata kama siku hiyo utaandika sifuri.