Laptop bila waifai ya nyumbani: simu yako ndo modemu

Wengi tukifika huku Ujerumani tunakwama palepale, chumba umepata, mkataba wa intaneti umesaini, ila fundi anakuja baada ya wiki kadhaa na chuo kinataka ujaze fomu leo. Usihangaike kukaa mgahawani kila siku, simu uliyonayo inatosha kabisa.

Ile modemu ya kuchomeka uliyokuja nayo toka Dar au Nairobi, kama ni ya 3G iache sandukuni. Ujerumani walizima 3G mwaka 2021, kwahiyo itaishia kushika 2G na hapo hata barua pepe inafunguka kwa taabu. Naomba sana msitumiwe modemu za zamani toka nyumbani, hela ya kutuma mzigo inatosha kununua bando.

Laini ya nyumbani usiitupe, meseji za M-Pesa na namba za uthibitisho za benki zinaingia humo. Kama simu yako ina laini mbili, weka laini ya huku ndo ya data alafu ile ya nyumbani izimie data roaming (data ya kutumia ukiwa nje ya nchi) kabisa, na ufanye hivyo KABLA ya kuwasha hotspoti, maana laptop inanyonya kutoka laini iliyochaguliwa kwa data, haijui hii ni ya wapi.

Kuunganisha sasa. Watu wengi wanawasha hotspoti ya waifai tu na ni sawa, lakini ukiwa umekaa mezani mi nashauri waya wa USB: unachomeka, unaingia setingi za hotspoti za Android unawasha USB tethering, basi, mtandao unatulia na simu inachaji hapohapo. Mwenye iPhone na laptop ya Windows anaweza kuhitaji kuweka iTunes kwanza ili laptop iitambue simu. Na kama laptop ni ya zamani haiioni hotspoti ya iPhone, washa Maximize Compatibility, simu itarusha 2.4 GHz ambayo laptop kuukuu inaielewa. Bluetooth nayo inaunganisha ila ni polepole, nzuri ukiwa kwenye treni na betri inaisha, unasoma barua pepe tu, video sahau.

Jambo ambalo natamani mtu angeniambia siku ya kwanza ni hili la bando. Nilinunua GB 10 nikijua ni za mwezi, nikalala hotspoti ikiwa inawaka, laptop ikaona iko kwenye waifai ya kawaida ikaanza kushusha apudeti na kupandisha picha zangu zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, asubuhi nina usaili kwa video sura inaganda na sauti inakatika. Nililia siku ile. Kwenye Windows nenda Network & internet, fungua jina la hotspoti yako, washa Metered connection, yaani unaiambia laptop kuwa data hii ina kikomo, apudeti nyingi zitasubiri. Fanya leo hii. Na ujue simu ya video ya saa moja peke yake inaweza kula GB 1.

Ukitaka laptop inayoingia laini moja kwa moja, angalia vizuri hasa ukinunua iliyotumika, nyingine zina tundu la laini lakini ndani hakuna modemu. Ifungue hapohapo kwa muuzaji, kwenye Network & internet ukiona Cellular basi modemu imo, usipoiona usilipie hilo tundu.

Na kusafiri: toka Juni 2017 laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya unaitumia nchi nyingine za umoja bila kuongezewa gharama, japo kuna kiwango. Uswisi haimo, Uingereza nayo ilishatoka, kuna mikataba inazijumuisha na mingine hapana, soma wa kwako. Ukiwa unafanya kazi kwenye treni ya kwenda Zürich zima data kabla ya kufika Basel.