Somo: Kununua Nyumba katika Mtaa wa Wenye Miaka 55 na Zaidi, Marekani

Tangu Sun City ya Arizona ifunguliwe mwaka 1960, mitaa ya wastaafu imekuwa ikitangazwa kwa viwanja vya gofu na mabwawa ya kuogelea. Mnunuzi makini huanza na makaratasi.

Hatua ya kwanza: kanuni. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1995 inautambua mtaa wa aina hii iwapo angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mkazi mmoja aliyefikisha miaka 55. Asilimia 20 inayobaki si haki ya mnunuzi kijana, kwani jumuiya ya wamiliki inaweza kuweka masharti makali zaidi. Kwa familia zetu, ambamo mjukuu huweza kukaa kwa bibi yake likizo nzima au hata mwaka, kifungu cha wageni ndicho cha kusomwa kabla ya kuitazama nyumba yenyewe.

Hatua ya pili: fedha. Ada ndogo ya mwezi inayolipwa kwa jumuiya ya wamiliki isikufurahishe haraka. Huenda ni ndogo kwa sababu hakuna akiba inayowekwa, na siku paa au barabara itakapohitaji matengenezo makubwa kila mwenye nyumba atadaiwa mchango wa mkupuo. Omba hesabu za mfuko wa akiba na mihtasari ya vikao vya bodi, ambamo ugomvi wa wakazi huonekana wazi kuliko katika vipeperushi vya mauzo.

Hatua ya tatu: nyumba. Tafuta isiyo na ngazi, yenye milango ya kupitisha kiti cha magurudumu, na karibu na hospitali. Ukiweza, kaa huko kwa kupanga nyumba kabla ya kununua, tena wakati wa kiangazi, kwa maana joto la Arizona hupita nyuzi 40.

Maswali ya wanachama

Mimi nina miaka 61, mke wangu 48. Tutakubaliwa?
Sheria inamhitaji mmoja wenu tu, lakini baadhi ya jumuiya huweka umri wa chini kwa mwenzi pia. Uliza, kwa maandishi, kama mjane wa umri huo ataruhusiwa kubaki.

Je, Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, italipia msaidizi wa kunipikia na kuniogesha nikidhoofika?
Kwa kawaida hailipii huduma hiyo ikiwa ndiyo pekee unayohitaji, na mitaa mingi ya aina hii haina wauguzi. Gharama hiyo iingize katika bajeti yako kabla ya kutia saini.