SOMO: Usinunue kichwa cha sindano ya mashine ya santuri kabla hujaujua mkono na fono yako

Habari za leo wakuu. Kila wiki napokea picha ya kichwa cha sindano mtu anachotaka kuagiza Dar au nje, na chini yake swali lile lile: "Mwalimu, hiki kizuri?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, tena nachoka zaidi ninapoona mtu ameshalipa hela ya gunia zima la korosho kwa kitu kisichoendana na mashine aliyonayo. Naandika mara moja hapa. Ukiniuliza inbox nitakuelekeza huku.

Maneno kwanza tuelewane. Mkono ni ule ufito unaobeba sindano juu ya santuri. Kichwa ni kile kidude chenye sindano mbele ya mkono, wengine mnakiita katriji. Kishikio ni kile kibati kinachokibeba. Fono ni sehemu ya ampu (kikuza sauti), au kiboksi cha pembeni, inayopokea mawimbi madogo ya sindano na kuyakuza.

1. Jua kichwa ulichonacho. Aina ni tatu. MM, sumaku ndiyo inayocheza, kinatoa milivolti 2.5 hadi 5 au zaidi kidogo. MC, koili ndiyo inayocheza, vingi vinatoa 0.2 hadi 0.6 tu. Cha tatu ni cha kauri, kwenye redio kubwa za kabati za wazee wetu na mashine za sanduku za bei rahisi. Hicho kinatoa mamia ya milivolti, na hakiingii kwenye fono kabisa.

2. Linganisha na fono. Fono ya MM inakuza desibeli 40 hivi, yaani mara 100. Ya MC ni 60, yaani mara 1000. Chukua kichwa cha MC cha milivolti 0.3 uweke kwenye fono ya MM, unapata milivolti 30, wakati ampu inataka 150 au zaidi. Utafungua sauti mpaka mwisho, utasikia mvumo tu. Kinyume chake, MM ya milivolti 5 kwenye tundu la MC inakuwa volti 5, na muziki unakwaruza. Soma nyuma ya ampu yako kabla ya kuagiza.

3. Mkono na kichwa. Hapa ndipo nilipoharibikiwa, kwa hiyo nisomeni polepole.

Miaka kadhaa nyuma nilipata kichwa laini sana, kimesifiwa kila mahali. Mkono wangu ulikuwa wa chuma, mzito, wa zamani. Nikafunga, nikaweka santuri moja iliyojikunja kidogo kwa jua la njiani kutoka Masasi. Muziki ulitoka, lakini besi ilikuwa inatetemeka na waimbaji walisikika kama wanaimba ndani ya mtumbwi. Nikavua kitambaa cha spika. Koni ya besi ilikuwa inatoka nje na kurudi ndani, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala, hata pale ambapo hapakuwa na muziki. Niliweka kidole, nikaisikia inasukuma. Nikadhani spika zimekufa. Nikazipeleka kwa fundi, nikalipa, zikarudi, koni ikaendelea kupumua. Nikadhani santuri. Nikazigawa kumi na mbili za marehemu baba. Mpaka leo naziulizia.

Spika zilikuwa nzima, na santuri pia. Tatizo lilikuwa hesabu. Sindano imeshikiliwa na kampira, na ulaini wa kampira hicho ukichanganyika na uzito wa mkono vinatengeneza mtikisiko wao wenyewe, kama ndoo inayoning'inia kwenye mpira. Mtikisiko huo unatakiwa uangukie kati ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 8 na 12. Ukishuka chini ya hapo unakutana na mawimbi ya santuri iliyojikunja, ambayo mengi yako chini ya hezi 7, na mkono unaanza kucheza nayo. Ukipanda sana unaingia kwenye besi ya muziki.

Hesabu yake: jumlisha uzito wa mkono unavyojisikia mbele (kiwanda kinauandika), uzito wa kichwa na skrubu. Zidisha kwa namba ya ulaini wa kichwa (kwenye karatasi ya kiwanda huitwa compliance). Tafuta kipeuo cha pili. Kisha 159 gawanya kwa jibu hilo.

Wangu: mkono gramu 20, kichwa 6, skrubu 1, jumla 27. Ulaini 30. Unapata 810, kipeuo chake 28.5, na 159 gawanya kwa 28.5 ni hezi 5.6. Pale pale kwenye mikunjo ya santuri. Nilipoweka kichwa kigumu cha gramu 8, ulaini 10, ikaja 29 mara 10, kipeuo 17, hezi 9.3. Koni ikatulia siku hiyo hiyo.

Mfano wa mashine ambayo wengi mnayo: Technics SL-1200, mkono gramu 12 pamoja na kishikio chake. Weka Ortofon 2M Red, gramu 7.2, skrubu kama 0.8. Jumla 20, ulaini 20, unapata 400, kipeuo 20, hezi 8 kasoro kidogo. Iko mpakani, lakini inafanya kazi vizuri.

TAHADHARI. Viwanda vya Japani mara nyingi hupima ulaini kwenye hezi 100, siyo 10. Namba hiyo inaonekana ndogo, mtu anadhani kichwa ni kigumu kama msumari. Izidishe kwa 1.5 hadi 2 kwanza. Audio-Technica VM95E imeandikwa 7 kwenye hezi 100, kwa hiyo ichukulie kama 10.5 hadi 14. Usipofanya hivyo hesabu yote ni ya bure.

TAHADHARI ya pili. Usiongeze uzito juu ya kishikio, wala sarafu, eti sindano isiruke. Umeuongeza uzito wa mkono na umeikandamiza sindano kwa pamoja.

4. Pikofaradi, yaani kipimo cha chaji ya umeme inayohifadhiwa na waya na ampu. Kwa MM tu. Fono iwe na ukinzani wa kiloomu 47, hilo karibu zote zinatimiza. Kisha jumlisha pikofaradi za waya wa ndani ya mkono, waya wa kwenda kwenye ampu na za ampu yenyewe. VM95E inataka 100 hadi 200 jumla, 2M Red 150 hadi 300. Zikizidi, sauti za juu zinachoma masikio halafu zinakatika. Waya mrefu ndio unaoziongeza, kwa hiyo usiweke mashine ukuta huu na ampu ukuta ule.

5. Waya nne. Nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi, nyeupe kushoto chanya, bluu kushoto hasi. Usiunganishe waya kwa kuchomea risasi kwenye pini za kichwa. Joto linaua koili.

6. Uzito wa sindano inapokandamiza santuri. Fuata kiwanda, kisha usogee katikati au juu kidogo ya kipimo. Sindano nyepesi kupita kiasi inarukaruka ndani ya mfereji na kuuchubua kuliko nzito kidogo.

Maswali karibuni.

---

Mkorosho: mkuu kichwa gani kizuri cha laki mbili

Mwalimu: Hatua ya 1 mpaka ya 3. Taja mashine na ampu.

Mkorosho: mashine ya kawaida tu na ampu ya kawaida

Mwalimu: Hakuna mashine ya kawaida. Piga picha nyuma ya ampu, rudi.

Kijana wa Ligula: Shikamoo mwalimu. Mimi nilifunga kichwa bila hesabu zote hizo na kinapiga freshi. Naona kama unatisha watu.

Mwalimu: Marahaba. Simtishi mtu. Nimeeleza kilichonitokea, na gharama niliyolipa. Weka santuri iliyojikunja, vua kitambaa cha spika, utazame koni ya besi kwenye kimya kati ya nyimbo mbili. Ikitulia, umebahatika na nakupongeza. Ikipumua, rudi hatua ya 3.

Kijana wa Ligula: Sawa. Inapumua kidogo.

Mwalimu: Nitumie jina la mkono na la kichwa, tupige hesabu pamoja.

Mzee wa Mikindani: Mwenzangu, mimi nimechomeka mashine kwenye tundu la AUX la ampu, siyo la fono, sauti ipo lakini nyembamba, besi hamna hata chembe. Kichwa kimekufa?

Mwalimu: Hakijafa mzee wangu. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, karibu desibeli 20 kila upande, kwa utaratibu wa RIAA uliokubaliwa mwaka 1954. Kazi ya fono ni kurudisha mizani hiyo. AUX hairudishi. Tafuta kiboksi cha fono cha MM. Ila angalia kwanza nyuma ya mashine: ikiwa na swichi imeandikwa PHONO na LINE, mashine ina fono yake ndani, iweke LINE na ubaki kwenye AUX. Ukitumia LINE na ukachomeka kwenye tundu la fono, unakuza mara mbili na inakwaruza.

Mzee wa Mikindani: Swichi ipo! Nimeiona kwa tochi. Ahsante sana.

Dada wa Mitwero: Mwalimu, naomba kuuliza kutoka Lindi. Babu ameacha santuri nzito, zinavunjika kama sahani ya udongo. Taarabu za zamani. Mashine yangu inapiga kasi ya 33 na 45 tu. Nikizipiga kwa 45 nikarekodi halafu nikaharakisha kwenye kompyuta, naharibu? Na sindano niliyonayo inatosha?

Mwalimu: Dada yangu, swali zuri, nikujibu lote. Hizo ni za 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, za enzi zile Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Mfereji wake ni mpana. Sindano ya santuri za kawaida ina ncha ya mikroni 18 hivi, ya 78 inataka kama 75. Ukitumia ndogo inazama mpaka chini ya mfereji, inakoroga vumbi na kujichakaza. Nunua sindano ya 78 ya kichwa kile kile kama kiwanda kinaitengeneza. Kwa VM95 ipo, inaitwa SP, inachomekwa tu. Soma uzito wake, ni mkubwa kuliko wa kawaida. Kurekodi kwa 45 na kuharakisha kunakubalika. Rekodi mono, kelele inapungua. Lakini nyingi za zamani hazikukatwa kwa RIAA, kwa hiyo sauti haitakaa sawa mara moja, irekebishe kwa besi na treble mpaka sikio litulie. Na tafadhali sana: usizisafishe kwa spiriti. Spiriti inayeyusha hizo santuri.

Dada wa Mitwero: Nilikuwa nimeshaishika chupa mkononi. Nizisafishe kwa nini?

Mwalimu: Maji safi kidogo na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, karatasi ya katikati isilowe, kausha kivulini. Ukizirekodi nitafurahi kusikia hata moja.

Fundi Chuno: Niongeze kwa sisi tunaokaa karibu na bahari. Upande mmoja ukikatika katika, msikimbilie kununua kichwa. Hewa ya chumvi inaotesha kutu ya kijani kwenye vile vibati vinne vya kishikio. Ufutio wa penseli, taratibu, basi.

Mwalimu: Kweli kabisa fundi. Na santuri zisimame wima, mbali na dirisha la jua la mchana.

Mkorosho: mkuu nimerudi. nyuma ya ampu imeandikwa PHONO MM 2.5mV 47k. mkono gramu 12

Mwalimu: Sasa tunaongea. Kichwa cha MM, milivolti 3 hadi 5, ulaini usizidi 20. VM95E inakufaa: 12 na 6.1 na skrubu, jumla 19. Ulaini uchukulie 12. Hezi 10.5. Hela ikibaki, nunua mizani ndogo.

Mkorosho: kichwa nimeshafunga. mizani nimeazima kwa sonara pale sokoni. ila nikishusha sindano namba inarukaruka, mara 3.1 mara 3.4. uzito wa nyuma nimeuweka 2

Mwalimu: Sahani ya mizani ni ya chuma?

Mkorosho: ndio

Mwalimu: Sumaku ya kichwa inajivuta kwenye chuma. Weka kipande cha plastiki juu ya sahani, sifurisha, kisha shusha sindano juu ya plastiki. Iwe karibu na kimo cha santuri.

Mkorosho: nimeweka kifuniko cha sado. 2.0 kamili

Mwalimu: Usiguse tena. Weka santuri.